Siku Niliyovaa Nguo za Jela kwa Hiari Yangu

Chekeni mapema mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Aibu niliyoipata Shinyanga mwaka ule haikuwa ya kujikwaa sokoni au kuchanikiwa suruali kanisani, ambayo watu huicheka leo na kesho wamesahau. Ilikuwa aibu iliyoanzia jela, ikapita katikati ya soko, ikapanda mpaka mbele ya Jaji wa Korti Kuu na nywele zake za bandia, na yote niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, nikiwa na akili zangu timamu (na kazi yangu wakati huo, ndugu zangu, ilikuwa kuangalia akili za watu wengine).

Wakati huo wa Mwingereza nilikuwa dresa katika hospitali ya serikali. Kazi ya dresa ilikuwa kuosha vidonda, kuchoma sindano na kumshikia daktari taa, basi. Ila mimi nilikuwa nimepelekwa Dodoma miezi michache kujifunza kuwatunza wagonjwa wa akili, na niliporudi, kila mtu aliyeonekana anaongea peke yake toka Kahama mpaka Maswa aliletwa kwangu, nami nikavimba kichwa, nikajinunulia hata miwani ya vioo vitupu kwenye duka la Mhindi, eti nionekane msomi. Daktari wetu, Mzungu mmoja mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kwenye kitabu, aliiona ile miwani akanyamaza. Heri angesema neno.

Ndipo akaletwa Nkwabi.

Huyu alikuwa Msukuma wa upande wa Segese aliyekwenda kuchimba dhahabu kule Geita. Siku moja mchana kweupe, mbele ya wachimbaji wenzake, alichukua mpini wa sururu akampiga nyapara wake kichwani, nyapara akafa. Nkwabi hakukimbia. Alikaa chini pale pale, akaelekeza sikio ardhini kama mtu anayesikiliza jirani ukutani, na tangu siku hiyo hakufungua kinywa, si kwa polisi, si kwa ndugu zake. Inspekta wa polisi alikuwa na hakika kwamba anajifanya. "Mjanja huyu," alituambia, "anajua vichaa hawanyongwi." Jaji alikuwa anakuja Shinyanga kusikiliza kesi kubwa kubwa, na korti ilitaka kujua mambo mawili: alipopiga, alijua anachokifanya? Na sasa, ana akili ya kusimama kortini akaelewa anashtakiwa nini? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, kamba. Hakukuwa na mzaha hapo.

Daktari aliniita. "Petro, nenda jela ukae naye. Mwambie wewe nani. Tazama, sikiliza. Usiongeze, usipunguze."

Nikaenda na koti langu jeupe na miwani yangu. Nikakaa naye uani, nikamsalimu kwa Kisukuma, nikamuuliza habari za nyumbani, mvua, ng'ombe. Kimya. Nikarudi tena na tena, kimya vilevile, anaangalia ukuta na kichwa kimeinama upande mmoja. Nikaona sasa hii kazi inanishinda, na mimi nikishikwa na jambo siliachii, mama yangu aliniambia nilizaliwa nimekunja ngumi. Nikaapa kwamba Nkwabi atasema, na atasema nami.

Sasa pale jela kulikuwa na askari mmoja, Koplo Abdallah, mtu wa Tanga, mcheshi, hodari wa kumaliza matatizo ya wenzake. Akaniona natoka nimenuna.

"Dresa, wallahi wewe unashangaza. Mtu ana kesi ya kunyongwa, aongee na koti jeupe? Lile koti ni la serikali! Vua. Vaa kaptula ya jela, kaa naye mmenye viazi, atakutapikia yote."

Nilicheka. Halafu sikucheka. Nikajiambia, ni mchana mmoja tu, nani atajua? Hilo ndilo neno lililoniponza, "mchana mmoja tu". Sikumwambia daktari, sikumwambia bwana jela mkuu. Koplo akanifungulia stoo, nikavua koti, viatu, miwani, suruali, akavifungia sandukuni mwake, nikavaa kaptula ya wafungwa iliyonibana na shati lenye namba ya mtu mwingine. Nilijiona mpelelezi mkubwa. (Mnaona? Sikuwa hata polisi. Na polisi mwenyewe, kabla hajachukua maneno ya mshtakiwa, sheria inamlazimu amwonye kwamba maneno yake yanaweza kutumika kortini. Mimi nilikuwa nampitia mtu mlango wa nyuma, na nikauona huo ndio ufundi.)

Nikaingia uani na kikapu cha viazi, nikaketi karibu na Nkwabi, nikaanza kumenya. Hakunitambua, mtu aliyekuwa akitazama ukuta siku zote angenitambuaje? Nikaguna, nikalalamika juu ya uji wa jela, nikatema mate kama nilivyoona wafungwa wakitema. Baada ya muda, bila kunitazama, akaniuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyesahau namna ya kuongea:

"Wewe umefanya nini?"

Hapo ningesema nimeiba kuku ingetosha. Lakini nilitaka aniamini, nikaona kosa dogo halitamvuta, nikapanua kifua.

"Nilimvunja mtu kichwa kwa rungu kule Masumbwe," nikasema. "Na sijuti. Siku nikitoka namrudia ndugu yake."

Akaacha kumenya. Akanitazama usoni, mara ya kwanza, akanitazama muda mrefu kama mtu anayemwangalia mgonjwa, halafu akasema taratibu:

"Na mimi nilimpiga kusudi. Wala usidhani ni wewe peke yako."

Tukaendelea na viazi. Baadaye kidogo akainamisha kichwa upande ule wake, akauliza: "Unawasikia?"

"Akina nani?"

"Waliobaki chini."

Nikamuuliza chini wapi, akafunga kinywa, na hakukifungua tena. Lakini mimi nilikuwa nimejaa furaha hata nikajikata kidole kwa kisu cha viazi. Nilikuwa nimekwisha kupanga nitakavyoingia kwa daktari na kusema, "Nimempata."

Nikaenda mlangoni kumtafuta Koplo Abdallah. Koplo hayupo. Homa imempanda ghafla, amebebwa nyumbani anatetemeka, na funguo za sanduku anazo yeye. Mahali pake amesimama sajini mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka Iringa, mtu mwenye shingo kama gogo, hajawahi kuniona.

"Afande," nikasema, "mimi si mfungwa. Mimi ni dresa wa hospitali."

"Vizuri," akasema. "Mimi ni Gavana."

Wafungwa walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaanza kumweleza, kwamba nimevaa hizi nguo mwenyewe kwa hiari, ili nimsikilize mshtakiwa, ili nijue kama ni kichaa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyonitazama kwa makini zaidi, na mwisho akamgeukia mwenzake akasema, "Kichaa mwenyewe si huyu?" Nikasema niitiwe bwana jela mkuu, nikaambiwa amekwenda Mwanza. Nikasema niitiwe Koplo Abdallah, nikaambiwa niombe na chai. Nikapangwa mstarini. Kama ningevaa nguo zangu za kawaida, kama mahabusu, wangeniacha nimekaa uani; lakini mimi, kwa kutaka uhakika, nilikuwa nimevaa nguo za waliokwisha kuhukumiwa, na waliohukumiwa hutoka kufanya kazi.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa ndoo za choo. Ndoo inatundikwa kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma, na njia ya kwenda kumwaga inapita kando ya soko. Mwenzangu wa nyuma alikuwa mwizi wa ng'ombe, mrefu kuliko mimi, kwa hiyo ndoo ikawa inaniteremkia mgongoni. Jua linawaka. Nainamisha uso, naomba Mungu nisionane na mtu wa kanisani.

Nikaonana na Mama Agnes.

Agnes nilikuwa nimemchumbia, ng'ombe wa mahari walikuwa wanaongelewa, na mama yake alikuwa anauza mchele pale pembeni mwa soko. Sasa sikilizeni mtu aliyelelewa vizuri anavyoweza kujimaliza. Ningepita kimya, pengine asingenijua. Lakini nimefundishwa toka mdogo kwamba mkwe hapitwi hivi hivi, na mdomo ukanitangulia; nikasimama, ndoo ikayumba, nikapiga goti nusu na ule mti begani:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane," akaitika huku akipima mchele, yaani mwanangu, kwa upole wake wa siku zote. Halafu akainua uso. Kibaba kikamponyoka. "Petulo? Petulo! Umeua nani?"

Soko zima likageuka. Mimi nikataka kueleza, nikageuka kumtazama vizuri, nikasahau kwamba nimeunganishwa na mwizi wa ng'ombe kwa mti mmoja, yeye akavutika, ndoo ikainama, na kilichokuwamo kikamwagika, kingi juu yangu, kingine kikaelekea kwenye mikeka ya mchele, akina mama wakiruka na kupiga yowe. Sajini akapiga filimbi akidhani natoroka. Na katikati ya hayo yote Landrova ya hospitali ikasimama, daktari akashuka, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akauliza kwa kile Kiswahili chake cha kitabu:

"Petro, je, wewe ni mzima?"

Hakuna aliyejua jibu.

Basi nilioga, nikaoga tena, nikaitwa ofisini. Daktari hakunigombeza juu ya soko. Aliniuliza jambo moja.

"Nkwabi alipokuwa akizungumza nawe, alifahamu wewe ni nani?"

"Hapana, Bwana Daktari."

"Alifahamu ya kuwa maneno yake yatafika kortini?"

"Hapana."

"Basi hukumpima. Ulimwibia." Akaweka kalamu chini. "Mtu huyu maisha yake yamo katika mikono yetu, Petro, naye hana hata ruhusa ya kutufukuza. Kitu pekee alichobaki nacho ni kujua anazungumza na nani. Nacho umekichukua."

Nawaambieni, ile ndoo ilikuwa nyepesi kuliko maneno hayo.

Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mji mzima ulikuwa unajua kwamba dresa alijifanya mfungwa, na nilipokuwa bado nanuka nilikuwa nimemropokea sajini maneno ya Nkwabi ili aniamini, na sajini akamwambia inspekta. Inspekta akaja mbio, uso unang'aa. "Alisema alimpiga kusudi? Kwa akili zake? Safi sana. Utakuwa shahidi wangu." Nikamweleza na yale mengine, juu ya waliobaki chini, akapunga mkono. "Hayo hutaulizwa."

Mama Agnes naye akaja hospitali, amejitanda khanga, hakutaka kuketi. "Baba Agnes anasema ujibu unachoulizwa, ukae," aliniambia. "Mambo ya ndoo na makaptula usiyafikishe mbele ya Jaji. Watu watasahau. Ukiyasema kortini, hayatasahaulika, na sisi tutakuwa tumemwoza binti kwa kichekesho."

"Mama, kuna mtu atanyongwa."

"Kwani wewe ndiye uliyempiga nyapara?"

Nilipobaki peke yangu nilikata shauri. Maneno yale yaliingia duniani kwa uongo wangu. Yakifika kortini peke yake, yamevaa suti, watu watayaona ya heshima. Mimi nitayafikisha na kaptula yake.

Siku ya kesi korti ilijaa mpaka madirishani; nadhani nusu walikuja kwa ajili ya Nkwabi na nusu kwa ajili yangu. Jaji amekaa juu, wazee wa baraza kando yake, mkalimani amesimama, na nyuma kabisa nikaiona khanga ya Mama Agnes. Nilikwenda bila miwani. Nikala kiapo. Mwendesha mashtaka akauliza, nikajibu: ndiyo, nilikuwa naye, ndiyo, alizungumza, alisema, "Nilimpiga kusudi."

"Asante. Unaweza kushuka."

Sikushuka. Miguu ilikuwa inataka, mimi nikaikatalia.

"Bwana Jaji, nimeapa kusema kweli yote. Sijamaliza."

Mwendesha mashtaka akasimama kupinga, Jaji akamwashiria aketi, mkalimani akanikazia macho kama anayeniambia kwa heri. Nikasema yote. Nikasema nilivyovua koti, nilivyovaa namba ya mtu mwingine, kwamba daktari hakunituma kufanya hivyo na Nkwabi hakuambiwa mimi nani. Nikasema yeye aliniuliza kosa langu kwanza, nami nikamdanganya. Jaji akataka kujua nilimdanganya nini hasa, neno kwa neno. Nikarudia, mbele ya kanisa langu na wakwe zangu, kwamba nilimvunja mtu kichwa kwa rungu na nikitoka namrudia ndugu yake.

"Na ni kweli ulimvunja mtu kichwa Masumbwe?" Jaji akauliza.

"Bwana Jaji, hata kufika Masumbwe sijafika."

Korti ilipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa baraza alijifuta machozi kwa upindo wa kanzu. Nikangoja. Walipotulia, nikasema yale ambayo inspekta alisema sitaulizwa, juu ya wale waliobaki chini, nikaongeza kwamba mimi ni dresa, nimesomea miezi michache, siwezi kuiambia korti kama mtu huyu ana akili au hana, na yeyote anayetumia neno langu kujua hilo anajenga juu ya mchanga.

Wakati huo nikasikia sauti kutoka kizimbani. Nkwabi alikuwa amegeuza kichwa. Ananitazama kama siku ile ya viazi.

"Wewe si mfungwa?" akauliza kwa Kisukuma.

Askari akataka kumnyamazisha, Jaji akainua mkono.

"Hapana, ndugu yangu," nikamjibu. "Mimi ni dresa."

"Hukumvunja mtu kichwa?"

"Sikumvunja."

"Nilikuonea huruma," akasema. "Nikaona mtu mwenyewe mdogo, amebeba jambo kubwa hivi peke yake. Ndiyo nikakwambia na mimi kusudi. Ili usijione wewe tu ndiye mbaya." Kisha akainamisha kichwa upande. "Mimi yule nyapara sikumwona. Nilikuwa nafukua. Walikuwa wananiita niwafukue."

Mkalimani alipotafsiri, hakuna aliyecheka tena. Ndipo Jaji akawauliza wachimbaji wenzake waliokuja kutoa ushahidi, ikatoka habari ambayo hawakuwahi kuulizwa: kwamba muda mrefu kabla ya siku hiyo mwamba uliporomoka, ukamfunika yeye na wenzake, na yeye peke yake ndiye aliyetolewa hai.

Jaji alinigeukia. Alinisema kwa utulivu, na Kiingereza chake hakikuhitaji mkalimani, nilikielewa chote kwa masikio yaliyokuwa yanawaka moto. Aliyakataa yale maneno ya uani, akasema korti haiwezi kupokea kilichopatikana kwa hila ya mtumishi wa hospitali. Akasema nilichofanya kingeweza kumwua mtu, na kwamba kusema kwangu kweli hakufuti hilo, ila kumesaidia. Akaamuru Nkwabi apelekwe Dodoma, akaangaliwe na wenye ujuzi. Mwishowe korti ilimwona kuwa alitenda lakini hakuwa na akili yake alipotenda, akabaki hospitali. Kamba haikumgusa.

Koplo Abdallah alipopona alihamishwa, naye hakuniandikia hata salamu. Wazazi wa Agnes walinyamaza karibu mwaka mzima kabla hawajaturuhusu, na kwenye harusi, mjomba mtu aliniuliza mbele ya wageni kama suti ile ni yangu.

Lakini nataka kuwaambia juu ya siku ya treni ya kwenda Dodoma, kabla ya hukumu hiyo. Daktari aliniagiza mimi ndiye nimsindikize Nkwabi, pamoja na askari. Nilidhani ni adhabu, sasa sijui. Treni ilipoanza kwenda, nikakaa mbele yake na koti langu, nikasema: "Naitwa Petro Shija, dresa wa serikali. Lolote utakaloniambia nitamwambia daktari, na daktari atamwambia Jaji. Unaweza kuninyamazia, sitakukasirikia."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Pingu zikalia kidogo alipoinua mikono.

"Na maji," akasema, "unaweza kunipa bila kumwambia Jaji?"

Nikampa. Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akageukia dirishani, na mpaka Tabora hakusema neno, nami sikumuuliza. Tangu hapo, kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, hakuna aliyeletwa kwangu, mwizi, mwuaji au aliyeokotwa anaongea na miti, ambaye sikumwambia kwanza jina langu na nani ananilipa mshahara. Wengi walinyamaza. Wengine walinitukana. Niliandika hivyo hivyo: amenyamaza, amenitukana.